Siku yangu kati ya ICU na wodi

Mwaka wa tisa huu nafanya kazi ya uhudumu wa hospitali hapa Mwanza. Nawapeleka wagonjwa ICU, chumba cha mahututi, na kuwatoa. Shemeji yangu akinitambulisha kwa watu husema, "Huyu anasukuma machela." Sawa, nasukuma.

Saa 11 alfajiri niko kwenye daladala ya Buhongwa. Saa 12 na nusu nakagua breki, reli za pembeni za machela na mitungi ya gesi ya oksijeni. Mtungi mdogo uliojaa una takriban lita 680. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa moja na ushee. Ndiyo maana sisogei kabla sijasoma geji, hata dokta akifoka.

Asubuhi: wawili kutoka theatre kwenda ICU, mmoja kwenda kupigwa picha na kurudi. Chai sikunywa.

Saa 5 ikaja amri: kitanda namba 4 kitoke. Kijana yule alikuwa kwenye mashine siku sita, tangu jana anapumua mwenyewe, na kuna mahututi anakuja kutoka Sengerema. Zamani gari la wagonjwa lilisubiri kivuko Kigongo, nasi tukapata muda wa kujipanga. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, ukipigiwa simu tu, mara gari liko getini.

Tukatoka, mimi na sista wa ICU. Kufika wodini, kitanda kina mtu. Ameruhusiwa tangu asubuhi, ila ndugu yake yuko dirishani anahangaika na bili. Kurudi hatuwezi, ICU wanatandika shuka za mwingine. Tukabaki koridoni, na muda wa kuona wagonjwa ndiyo umeanza.

Hapo akatokea mama wa kijana wetu, amevuka na meli kutoka Ukerewe, ana chupa ya uji kwapani.

"Mmemchomoa mashine kwa sababu hatujalipa?"

"Hapana mama, shikamoo. Amepata nafuu."

"Nafuu gani, hata sauti hana!"

Sauti ilikuwa imekwaruzwa na mpira uliokaa kooni. Shavuni alikuwa na alama nyekundu ya plasta, mama akawa anaipapasa kwa ncha ya kanga. Kisha akafungua chupa. Sista akamzuia: hajapimwa kama anameza vizuri, uji unaweza kwenda mapafuni. Mama akanigeukia mimi, maana sista amevaa sare ya kuogopwa.

"Mwanangu, na wewe una mama. Kijiko kimoja."

Dakika arobaini. Geji, mama, geji, wageni wanaopita wakitukanyaga miguu, mama. Gesi ilikuwa tele, alikuwa anatumia lita 2 tu, lakini nilisoma geji nipate pa kuweka macho. Kijana mwenyewe ndiye aliyemaliza ubishi. Akakoroma, "Mama, funga uji utapoa."

Mama akacheka, akalia, akafunga.

Kitanda kilipopatikana sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Wa Sengerema naye alishafika, yule alikuwa wa lita 10, tulikimbia. Halafu mwingine. Zamu yangu huisha saa 9. Nilitoka giza limeingia, nikalala kwenye daladala hadi nikapitiliza kituo.

Kutafuta nauli mfukoni nikakuta kifuniko cha chupa ya uji. Sijui alinipa saa ngapi nimshikie.