Jinsi nilivyojifunza kuchagua dawa ya kulegeza misuli kwa usingizi wa haraka

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi ya kulaza wagonjwa usingizi wa upasuaji sikuwa nachagua chochote. Akija mgonjwa mwenye utumbo ulioziba, au mama wa upasuaji wa dharura, au majeruhi aliyekula muda si mrefu, mkono ulienda wenyewe kwenye kichupa cha suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli ambayo kazini tunaiita suksa. Ndivyo nilivyofundishwa, na sababu yenyewe ni ya kweli. Mgonjwa mwenye tumbo lililojaa anaweza kupaliwa na matapishi mara anapopoteza fahamu, na yakiingia mapafuni unaweza kumpoteza. Kwa hiyo tunampa oksijeni safi kwa dakika 3, tunachoma dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli zikifuatana, kisha tunaingiza mrija wa kupumulia kooni na kujaza puto lake upesi iwezekanavyo. Dawa inayolegeza misuli baada ya dakika 3 haifai hapo.

Suksa haichelewi. Ukiichoma, unaona kope zinachezacheza, kisha mashavu, kisha mabega, mtetemo mdogo unashuka mwilini kama upepo unavyopita juu ya maji, mpaka vidole vya miguu. Vidole vikitulia, misuli imelegea. Yote hayo hayamalizi dakika 1, na baada ya dakika 10 hivi mgonjwa anaanza kupumua mwenyewe. Nilimwamini mtumishi huyu kupita kiasi.

Siku niliyositishwa, mezani alikuwepo kijana aliyeungua moto. Ngozi iliyopandikizwa ilikuwa inavuja damu na alikuwa ametoka kula. Nilikuwa nimeshavuta suksa kwenye bomba la sindano. Dada mmoja, mtaalamu wa usingizi aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alikuwa amesimama upande wa mashine.

"Daktari, huyu ameungua lini?"

"Leo siku ya 12, Dada."

"Basi hiyo iweke chini."

Niliiweka. Baadaye alinikalisha akanieleza, na maelezo yale ndiyo yaliyobadilisha kazi yangu. Kwa kawaida, vipokezi ambavyo suksa inavishika vimekusanyika pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Mtu akiungua vibaya, akikatika uti wa mgongo, akipooza kwa kiharusi, au akilala wodi ya wagonjwa mahututi siku nyingi bila kujigeuza, vipokezi huota na kutapakaa juu ya msuli mzima. Suksa inavifungua vyote kwa pamoja, na potasiamu iliyo ndani ya misuli inamwagika kwenye damu. Kwa mtu wa kawaida potasiamu hupanda kwa takriban nusu milimoli kwa lita, jambo ambalo moyo unalivumilia. Kwa kijana yule ingeweza kupanda mara nyingi zaidi na moyo ungesimama mezani. Saa 24 za kwanza baada ya kuungua hatari hiyo bado haijajengeka. Siku zinazofuata ndizo zenye mtego. Mgonjwa ambaye potasiamu yake tayari iko juu kwa sababu ya figo, na mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli, nao wamo katika kundi hilo la tahadhari.

Pale mezani nikachukua rokuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli, na hapo nikafanya kosa lingine. Nilimpa miligramu 0.6 kwa kila kilo ya uzito, kipimo nilichozoea kwa upasuaji uliopangwa. Baada ya dakika 1 nikafungua kinywa kwa laringoskopu, kifaa cha kumulika koo: nyuzi za sauti bado zinacheza. Akakohoa, na maji ya tumboni yakapanda hadi kooni. Kitanda kiliinamishwa upande wa kichwa na mashine ya kufyonza ikafanya kazi yake, hakupaliwa. Lakini bado naikumbuka ile sauti ya kikohozi. Rokuroniamu ya usingizi wa haraka ni miligramu 1.2 kwa kilo, kwa kukadiria uzito unaostahili urefu wa mtu na si unene wake. Kwa kipimo hicho, kwenye sekunde 60 misuli imelegea karibu sawa na ya aliyepewa suksa. Ukiipunguza, umenunua dawa nyingine kabisa. Suksa yenyewe haipendi ubahili: mimi hutoa miligramu 1.5 kwa kilo, tena kwa uzito halisi wa mtu anavyopimwa kwenye mizani.

Gharama ya kipimo kikubwa cha rokuroniamu ni muda. Mgonjwa hatapumua kwa saa nzima au zaidi. Wenzangu wengi wanaiogopa kwa sababu hiyo, wakiuliza, mrija ukikataa kuingia itakuwaje? Mimi pia niliogopa, mpaka nilipokaa chini nikafikiri juu ya dakika zenyewe. Mgonjwa mnene, mjamzito, mtoto mdogo au mwenye nimonia huishiwa oksijeni mapema, mara nyingi kabla suksa haijamwachia. Kwa hiyo ule usemi wa "itaisha tu yenyewe" haumwokoi mgonjwa wa namna hiyo. Kinachomwokoa ni mpango wa pili uliotamkwa kwa sauti kabla ya kuanza: barakoa ya koo iko wapi, nani atapasua shingo kwa mbele kufungua njia ya hewa iwapo vyote vitashindikana, na kisu kiko mkononi mwa nani.

Sugamadeksi nayo ipo, na ni dawa nzuri kweli. Inaikumbatia rokuroniamu ndani ya damu na kuiondoa kazini. Lakini hesabu yake nataka kila anayeitegemea aifanye mapema. Kufuta kipimo kikubwa kilichotoka kuchomwa kunahitaji miligramu 16 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 anahitaji miligramu 1,120. Vichupa vya miligramu 200 vitakuwa sita, na kuvifungua na kuvivuta kimoja kimoja huku midomo ya mgonjwa inabadilika rangi ni kazi ya mtu mwingine, aliyepangiwa kabla, siyo yako. Neostigimini, dawa nyingine ya kufuta ulegevu, usiitegemee hapo. Haiwezi kufuta ulegevu mzito kiasi hicho.

Lakini lililoniuma kuliko yote halikuhusu njia ya hewa. Usiku mmoja nilimwingizia mrija mwanamke aliyepata ajali, kwa ketamini, ambayo ni dawa ya usingizi, na rokuroniamu. Mrija ukaingia vizuri, nikashukuru, nikageukia simu kutafuta kitanda. Ketamini huanza kuisha baada ya dakika 10 hadi 20. Rokuroniamu bado ilikuwa imemfunga. Niliporudi, mapigo ya moyo yalikuwa 140, na kwenye kona ya jicho lake la kushoto chozi lilikuwa linatiririka kuelekea sikioni. Nilimpa dawa ya usingizi palepale. Siku chache baadaye alinieleza alichokuwa anakisikia: sauti yangu kwenye simu, na mtu aliyemfunga mguu. Hakuweza hata kukunja kidole. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Tangu usiku ule, nikichagua rokuroniamu, pampu ya dawa ya usingizi na ya maumivu inakuwa tayari imeunganishwa kabla sijashika laringoskopu.

Vekuroniamu na atrakuriamu, nazo ni za kulegeza misuli, siziingizi kwenye hesabu hii. Kwa vipimo vya kawaida ni za polepole, dakika 2 hadi 3.

Suksa sijaiacha. Mgonjwa wa degedege lisilokoma bado nampa, ikiwa hana kizuizi, kwa sababu inaisha upesi, nami nataka kuona mapema kama degedege linaendelea. Pale ambapo sugamadeksi haipo na upasuaji ni mfupi, naichukua pia. Kwa mtoto naweka atropini, dawa ya kuharakisha moyo, karibu, maana moyo wake unaweza kupunguza kasi, hasa ukirudia dozi. Ila siichomi bila swali moja, hata kama dharura inatubana: "Kuna mtu yeyote katika ukoo wenu aliyewahi kupatwa na tatizo la usingizi wa upasuaji? Aliyechelewa kuamka, au aliyepandwa na homa kali mezani?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Hivi karibuni dada mmoja mwenye kidole tumbo alifikiri kidogo akasema, "Mdogo wangu wa kiume. Walimfanyia upasuaji mdogo tu, akakaa kwenye mashine ya kupumulia mpaka usiku." Kuna watu ambao kimeng'enya kinachovunja suksa mwilini mwao kina kasoro, na hali hiyo hurithiwa, dawa ya dakika 10 inawakalia kwa saa nyingi. Nilirudisha kichupa kwenye friji, nikavuta rokuroniamu. Aliamka vizuri. Kabla hajaruhusiwa nilimwandikia barua mbili za kupima kimeng'enya hicho, moja yake na moja ya mdogo wake, na nikamwomba aioneshe kwa kila atakayemlaza usingizi tena.