Mnyauko wa Vuli ya 1997

Mwezi Agosti 1997 nilihamia Morogoro kuanza kazi ya ualimu, nikapanga vyumba viwili Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, katika nyumba yenye uwanja wa nyuma wa hatua 12 kwa 8. Nilikuwa nimekulia Dodoma, mahali ambapo mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili tukijaliwa, na ambapo mtoto hufundishwa mapema kwamba maji yaliyooshea mboga hayamwagwi ovyo bali hupelekwa kwenye mpapai. Kwa hiyo nilipoona bomba linatoa maji kila asubuhi, niliamini kwamba bustani ya nyanya isingenishinda.

Septemba nilisia mbegu kwenye kitalu, na wiki ya pili ya Oktoba nikahamishia bustanini miche 48. Nilichimba vijaruba vya kubonyea, kama tulivyofanya nyumbani, nikaviunganisha kwa mifereji midogo ili maji yakimwagwa cha juu yashuke yenyewe hadi cha mwisho bila tone kupotea. Kazi hiyo niliionea fahari. Bibi mmoja wa Kiluguru, jirani yetu wa upande wa mlimani, alikuja akasimama kwenye ua wa michongoma. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akavitazama vijaruba kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama kwetu vuli hainyeshi. Nilimjibu kwamba kwetu hakuna vuli.

"Ndiyo maana," alisema, akaenda zake.

Vuli ya mwaka huo ndiyo ile ya El Niño. Ilianza Oktoba na, badala ya kukatika Desemba, iliendelea hadi Januari na Februari, miezi ambayo kwa kawaida ni ya jua kali. Barabara na madaraja yakakatika sehemu nyingi nchini. Mimi, naona haya kukiri, nilikuwa nafurahi. Kila mvua iliponguruma juu ya bati nilihesabu ndoo nilizookoa. Miche ilinenepa, ikafika magotini, ikatoa maua ya njano, nami nikaanza kuwaahidi walimu wenzangu nyanya za futari, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa inakaribia.

Wiki ya kwanza ya Desemba nilitoka kazini mchana nikakuta mche mmoja wa katikati umelegea kama kitambaa kilicholowa. Majani yake yalikuwa ya kijani kibichi, hayana doa wala umanjano. Jioni ulijiinua kidogo, kesho yake ukalala tena, na uliopakana nao upande wa chini ukaufuata. Kwa mtu wa Dodoma, mmea uliolegea una maana moja tu, nayo ni kiu, hivyo nikachukua ndoo. Kwa siku 4 nilimwagilia bustani ambayo miguu yangu ilikuwa ikizama ndani yake hadi vifundoni. Miche 11 ilikuwa imeshalala siku ambayo bibi aliniona.

"Mjukuu wangu," aliniita kutoka uani, "mtu amezama, nawe unampa maji ya kunywa?"

Akamtuma mpangaji wake, kijana aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kijana hakuyashughulikia majani hata kidogo. Aling'oa mche mmoja, akakata kipande cha shina karibu na mzizi, akaomba glasi ya maji masafi, akakishikilia kipande hicho kwa juu ili ncha yake tu iguse maji. Tulisubiri dakika chache. Ndipo ukatoka kwenye shina uzi mweupe, mwembamba kama moshi wa ubani, ukashuka taratibu hadi chini ya glasi. Alinieleza kwamba hao walikuwa bakteria waishio udongoni, ambao huingia kupitia mizizi, hasa iliyojeruhiwa, wakaziba njia za kupandishia maji, hata mmea ukafa kwa kiu huku umesimama ndani ya dimbwi. Dawa ya kuutibu hakuna. Wanapenda joto na udongo uliolowa, naye alipoutazama mfereji wangu hakuhitaji kuongeza neno: mimi mwenyewe ndiye niliyewachimbia njia, kijaruba hadi kijaruba, na jembe la palizi likawafungulia mlango.

Nilimwuliza wametoka wapi. Aliyejibu ni bibi, ambaye alisema kwamba mpangaji aliyenitangulia alipanda bilinganya mahali hapo miaka mfululizo, na mwishowe zote zikawa zinalala vivyo hivyo. Nilipomwuliza mbona hakuniambia, alinitazama bila hasira.

"Hukuniuliza. Ulinijibu tu."

Tuling'oa miche yote, hata iliyokuwa na matunda mabichi, jambo ambalo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza, tukaichoma siku mvua ilipotupa nafasi. Pale nyuma niliambiwa nisipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Masika ilipofika nilipanda mahindi.

Juni 1998, kipupwe kilipoingia, nilijaribu tena mbele ya nyumba, upande wa juu ambao maji ya bustani ya zamani hayafiki. Safari hii nilitengeneza matuta yaliyoinuka, nikapanda miche 12 tu, nikawa namwagilia shinani kwa kopo kila asubuhi. Mafunzo ya Dodoma, ambayo wakati wa vuli yaliniponza, sasa yalipata kazi yake halali.

Mwanzoni mwa Septemba nilimpelekea bibi bakuli la nyanya za kwanza. Alichagua moja iliyoiva sana, akaikamulia mbegu kwenye majivu, akazisugua kwa kidole.

"Na kule nyuma?" aliuliza bila kuinua macho.

"Mahindi, bibi."

"Na mwakani?"

Nilitaka kumjibu, kisha nikamwuliza yeye angepanda nini. Akanisogezea kigoda.