Gari langu lilikohoa nikikanyaga mafuta hadi chini: nilivyompata mchawi

Ukiliendesha kwa upole, gari langu halikuwa na neno. Asubuhi liliwaka mara moja, likinguruma bila kutetemeka, na kwenye tambarare lilikwenda bila manung'uniko. Shida ilikuja nilipotaka kulipita lori mlimani. Nikikanyaga mafuta hadi chini kwenye gia ya tatu, linaanza: linavuta, linakata, linavuta, linakata, kama mtu anayekohoa huku anakimbia. Nikiachia pedali kidogo tu, limetulia. Ni gari la 1994, petroli, silinda nne, lina nozeli za kupulizia mafuta kwenye injini, lakini bado lina distribyuta, kile kifaa kinachogawia kila plagi umeme wa cheche, na nyaya nne za plagi. Taa ya cheki injini haikuwaka hata siku moja.

Fundi niliyempelekea alifungua boneti, akalipiga resi mara mbili tatu, akasikiliza. "Bosi, linamisi kwa sababu pampu ya mafuta imechoka. Tubadilishe." Sikumbishia, ila jambo moja lilinikereketa: alilipiga resi likiwa limesimama, na likiwa limesimama halijawahi kukohoa. Sasa alisikia nini?

Nilianza na filta ya mafuta, kwa sababu tangu ninunue gari sikuwahi kuigusa. Petroli iliyotoka kwenye ile ya zamani ilikuwa na rangi ya kutu, nikajisemea kazi imekwisha. Nikarudi mlimani. Kikohozi kilekile.

Nikaazima geji ya presha ya mafuta yenye mpira mrefu. Kuipima gari likiwa limesimama kungekuwa kurudia mchezo wa fundi, kwa hiyo niliiunganisha kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalozigawia mafuta, nikaupitisha mpira pembeni mwa boneti, na geji nikaibandika kwa utepe kwenye kioo cha mbele, upande wa nje. Nasisitiza nje: geji iliyojaa petroli haiingii ndani ya gari, na kila kiungo nilikipitisha kidole kuona kama kinavuja kabla hatujaondoka. Rafiki yangu akakaa pembeni kusoma. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, sindano ilikuwa kama baa 2.5. Nilipokanyaga hadi chini ikapanda hadi 3 na kuganda hapo, huku gari linatutikisa vichwa. Kupanda huko ni kawaida kwa gari kama hili, maana regyuleta yake, kidhibiti cha presha ya mafuta, imeunganishwa kwa kampira na manifoldi, yaani njia ya hewa ya kuingia kwenye injini; ukikanyaga hadi chini, ule mfyonzo (vakyumu) ndani ya manifoldi hupungua na presha ya mafuta hupanda. Pampu ingekuwa imechoka, sindano ingeporomoka palepale. Pampu nikaifutia kesi.

Kusema kweli, dalili yenyewe ilikuwa imeshanieleza, ila sikuisikiliza. Injini inayokosa mafuta hunyong'onyea. Nguvu inaisha polepole kama inazama. Langu lilikuwa linapigwa makofi. Mishtuko mikali ya namna hiyo mara nyingi ni ya cheche.

Nikazichomoa nyaya za plagi, nikazipima ukinzani kwa mita ya umeme. Zote zilisoma kati ya omu 8,000 na 11,000, hakuna uliokatika. Nusura niziamini. Usiku nikalipeleka gari gizani, nikaliwasha, nikanyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia, ukungu mwembamba tu, mikono ikiwa mbali na nyaya. Haikupita dakika. Pale kwenye silinda ya tatu, kicheche cha buluu kilikuwa kinaruka kutoka kwenye kofia ya mpira ya waya kwenda kwenye chuma cha injini, tik, tik, tik. Mita haikunidanganya. Yenyewe inapima njia ya ndani ya waya kwa kijibetri chake kidogo. Mpira unaovujisha umeme wa koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche wa makumi ya maelfu ya volti, haiwezi kuuona.

Asubuhi nikaifungua plagi ya tatu. Kwenye kaure yake nyeupe kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama umechorwa kwa penseli, kutoka kichwani hadi kwenye chuma. Ndani ya kofia ya mpira kulikuwa na mstari mwenzake. Nilipoingiza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kwenye mwanya wa plagi ambao cheche huuruka, nikapata milimita 1.4, na kitabu cha gari kinataka 1.1.

Hapo mambo yakakaa sawa. Ukikanyaga kidogo, hewa inayoingia kwenye silinda ni chache, mgandamizo ni mdogo, cheche inaruka mwanya bila taabu. Ukikanyaga hadi chini, silinda inajaa, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuvuka mwanya uleule. Mwanya wenyewe ukiwa umelika na kuwa mpana, umeme unaona heri upite kwenye ule mstari wa penseli uende zake kwenye chuma. Silinda moja inakosa moto, gari linagutuka. Ukiachia pedali, umeme unarudi njia yake ya halali.

Nilibadilisha plagi zote nne na nyaya zote kwa mkupuo. Ukiweka waya mpya juu ya plagi yenye mstari, mstari ule utaunguza kofia mpya, na ukifanya kinyume chake ni hivyohivyo. Kifuniko cha distribyuta na rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, nilivikagua, havikuwa na ufa, nikavirudisha.

Jioni nikapanda mlima uleule, gia ya tatu, pedali chini kabisa. Likavuta mpaka juu bila hata kikohozi kimoja. Ile plagi ya tatu ninayo bado kwenye droo ya dashibodi. Mstari wake hautoki hata ukiukwangua kwa ukucha.