Oksidi ya zinki ya saizi moja: achaneni na tanuru, tafuteni barafu

Jamani, kama unatengeneza chembe za nano za oksidi ya zinki kwa kazi ya leza, usikubali mtu akwambie unga uutie kwenye tanuru nyuzi 500 eti ukomae. Mimi niliambiwa hivyo na mtu mzoefu kabisa wa maabara, nikafuata, unga ukatoka mweupe unavutia, kumbe moto umezigandanisha chembe zimenenepa, ukiurudisha kwenye ethanoli unapata maziwa matupu! Sasa maziwa yanatawanya mwanga ovyo, utapimaje kitu? Pengo la nishati la oksidi ya zinki (nishati ya chini inayohitajika ili inyonye mwanga) ni kama eV 3.37 (eV ni kipimo cha nishati), fotoni (chembe moja ya mwanga) ya kijani ya nanomita 532 ina eV 2.33 tu, yaani moja haitoshi, lazima zinyonywe mbili kwa mpigo, na hilo ndo tunalolitafuta.

Nikahamia kwenye baridi. Zinki asetati unaichemsha kwenye ethanoli kavu, unaipooza, unatia lithiamu haidroksidi taratibu. Shida ni joto la Dodoma mwezi wa 11, chembe zinakua zenyewe hapo mezani, ndogo zinayeyuka na kubwa zinazidi kunenepa, na mashine ya kupoozea hatuna, halafu umeme nao unakatika. Nikaenda Majengo nikanunua barafu za mifuko, buku mbili tatu hivi, nikaazima deli la muuza ice cream, nikaziponda nikachanganya na chumvi nyingi, na hapo ndo raha yenyewe, maana chumvi inashusha joto chini ya sifuri bila umeme wowote. Chupa ikakaa humo imetulia kabisa.

Saizi nilikuwa naisoma kwa spektrofotomita ya kawaida (mashine inayopima mwanga unaonyonywa). Chembe ndogo zinaanza kunyonya mwanga kwenye urefu wa wimbi mfupi zaidi ya nanomita 370, ukiona huo ukingo wa kunyonya unasogea kuelekea 370 ujue zinakua, ikifika unapotaka mimina heksani, zinadondoka chini, ukuaji umeisha. Ethanoli usiiache wazi, maji kidogo tu yanaharakisha ukuaji (hiyo yangu ilitoka Dar, laki na ushee, iliniuma).

Leza yenyewe hatuna, sampuli tukazituma nje zikapimwe kwa Z-scan, yaani sampuli inasogezwa kupita kwenye fokasi ya leza huku mwanga unaopenya ukipimwa. Za barafu zilikuwa angavu, na grafu ikashuka vizuri kabisa pale kwenye fokasi, dalili kwamba fotoni zinanyonywa mbili mbili, nilifurahi mpaka nikampigia mama. Za tanuru hawakuzipima hata, walisema zinatawanya mwanga mno.