Siku moja maishani mwangu: kupindua vyombo vya watu, Tanga

Saa 11 alfajiri

Nikishasali, kazi ya kwanza ni vumbi. Chumba chetu cha mbele hapa Ngamiani kina rafu tatu, na juu yake kuna vyombo vya maua thelathini na saba, vyote vya Kijapani au vinavyojidai kuwa vya Kijapani. Navifuta kwa brashi laini, ile ya kupakia poda usoni, maana tambara hunasa kwenye michoro iliyonyanyuka. Michoro hiyo Wajapani wanaiita moriage: udongo uliolainishwa kama uji hukamuliwa juu ya chombo, mfano wa mtu anayepamba keki ya harusi, likatoka joka lenye magamba unayoweza kuyahesabu kwa ncha ya kidole. Joka langu kubwa limepungukiwa kucha mbili. Kila anayeuliza namwambia zilivunjika kabla halijafika kwangu, na ni kweli, kwa kucha moja.

Saa 1 asubuhi

Chai ya maziwa, mihogo ya jana. Mume wangu anauliza kama leo nitarudi na chombo au na hela. Simjibu.

Saa 2 na nusu

Nafungua fremu. Niseme ukweli mapema, mtu asije akadhani naishi kwa majoka na maua ya plamu: ninauza sahani, vikombe, chupa za chai na hotipoti. Hotipoti ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Vyombo vya maua ni ugonjwa nilioambukizwa na shangazi yangu, aliyekuwa akinunua vyombo vya nyumba zilizohamwa. Serikali ilipotaifisha majumba mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi ziliondoka mjini, na kabati haliingii kwenye sanduku la safari. Shangazi alinifundisha jambo moja kabla ya bei: pindua. Chombo kina mdomo, shingo, tumbo na kitako, na watu wote hutazama tumbo. Weye anza na kitako.

Binti mmoja amekuja kutafuta zawadi ya sendofu, kachukua hotipoti mbili. Akaona chombo changu cha buluu, nyekundu na dhahabu, mtindo wa Kijapani uitwao Imari, akauliza, "Dada, hiki cha plastiki?" Nikamfungia hotipoti zake.

Katikati ya hayo mteja wa Dar ananitumia picha kwenye wasap: jozi inayofika kiunoni, dhahabu kila mahali, chini pana chapa ya Royal Satsuma. Anataka kutoa laki nane. Nimemwandikia aache. Satsuma ya kweli ilitoka kusini mwa Japani, kwenye kisiwa cha Kyushu, rangi yake ni ya maziwa yaliyogandia juu, na mng'aro wake, ile ngozi ya kioo iliyochomewa juu ya udongo, una mipasuko myembamba kama utando wa buibui. Hilo neno Royal limebandikwa kwa ajili ya kuuzia, na vyenye chapa hiyo kwa kawaida vimetoka China miaka ya karibuni tu. Kajibu kwa kidole gumba. Sijui kama ameacha.

Saa 4 asubuhi

Simu ya kijana mmoja wa Mwambani. Bibi yake ana chombo cha tangu Mjerumani, niende nikione, "lakini uje umejipanga, mama." Namwachia fremu mdogo wangu, napanda baiskeli, kikapu mbele na taulo mbili ndani yake.

Njia ni ile ya kwenda Tongoni, na kila nikiipita nawakumbuka waliolala kule kwenye makaburi ya kale. Waliojengewa nguzo walipambiwa kwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo, zimekandikwa kwenye chokaa. Siku hizi unachokiona ni matundu ya mviringo, bakuli zenyewe zilishang'olewa. Kwa hiyo anayeniambia kupenda vyombo vya mbali ni uzungu, namwambia apande daladala akatazame.

Saa 5 na robo

Hodi. Bibi yuko barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiye mnunuzi? Mbona umekuja na baiskeli?"

Kijana kachekea pembeni. Nikaletewa maji, nikaulizwa mama yangu ni wa wapi, baba wa wapi, shangazi nimemtaja akakumbukwa, ndipo chombo kikashushwa kutoka kwenye kidaka cha ukutani. Kimefungwa kwenye kipande cha kanga kilichopauka mpaka jina lake halisomeki.

Ni kidogo, shibiri moja. Shingo nyembamba, tumbo la mviringo, masikio mawili yaliyopakwa dhahabu ambayo imebaki kwenye mikunjo tu. Mbele pana mwanamke mwenye kimono kando ya daraja. Nikatoa lenzi. Uso wa yule mwanamke umefanywa na vitone vidogo vidogo vilivyojipanga kama picha ya gazeti, maana yake ulibandikwa kwa karatasi ya chapa, haukuchorwa. Lakini maua ya mti ulio nyuma yake yamewekwa kwa mkono: unaona pale brashi ilipotua, rangi ikawa nzito, ikaburutwa ikapungua. Mdomoni pana kipengo cha ukubwa wa punje ya mchele, cha zamani, kingo zake zimeshakuwa kahawia.

"Babu yangu mzaa baba alipewa na Mjerumani," bibi akasema. "Alikuwa mpishi wake. Mjerumani alipofukuzwa akamwachia."

Wajerumani waliondoka Tanga mwaka 1916, Mwingereza alipoingia. Nikapindua.

Chapa nyekundu, safi kabisa: Made in Occupied Japan.

Hapa ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu. Chapa za Kijapani ni kalenda. Mwaka 1891 sheria ya Marekani ilianza kudai kila bidhaa ya kigeni iandikwe nchi ilikotoka, Wajapani wakaandika Nippon, jina wanaloiita nchi yao. Mwaka 1921 Wamarekani wakasema hapana, andikeni Japan. Kisha Japani ikashindwa vita mwaka 1945, ikakaliwa na majeshi ya kigeni hadi 1952, na vyombo vingi vya kupeleka nje miaka hiyo vikapigwa chapa hii niliyokuwa naitazama. Chapa za kughushi zipo, Nippon hasa imeghushiwa sana, lakini hakuna Mjerumani wa mwaka 1916 aliyeweza kumwachia mpishi wake kitu ambacho hakijatengenezwa.

Shangazi angenyamaza. Alikuwa akisema tunanunua udongo, hadithi tunawaachia wenyewe. Nami nilikuwa tayari kunyamaza, ila kijana alikuwa ameinama begani kwangu.

"Bibi, hapa pameandikwa Japan."

"Japani na Mjerumani si walikuwa marafiki?"

"Ile ni vita ya pili, bibi. Babu yako alikuwa vita ya kwanza."

Bibi akanitazama mimi. Nikamweleza polepole, hiyo miaka saba, bila kumtaja babu. Akaacha mchele.

"Hamsini na mbili," akasema. "Hamsini na mbili mie niko chuoni, najifunza juzuu." Akahesabu kwa vidole, akanyamaza, mara akaanza kucheka mpaka ungo ukamtetemeka mapajani. "Mama! Ee mama yangu weye!"

Mama yake, akasema, alikuwa akipika vitumbua na kuviuza kwa vibarua wa mkonge. Baba hakutaka mke wake awe na hela yake, akiiona anaichukua. Basi nyumbani kukizuka kitu kipya, kanga, bakuli, kioo, mama husema ni cha marehemu babu, kilikuwa sandukuni. "Na babu alikuwa mkwewe, baba'ke baba. Nani atamtia uongoni maiti? Miaka yote naambiwa Mjerumani, Mjerumani. Kumbe ni vitumbua!"

Hayo ni ya kwake, mimi sikuwepo. Nilichokuwa na hakika nacho ni muhuri. Lakini alivyokipokea kile chombo kutoka mkononi mwangu, kwa mikono miwili, akapitisha dole gumba kwenye kile kipengo, nilijua nimeshakikosa.

Kijana akauliza bei hata hivyo. Nikasema elfu arobaini, na ndiyo haki yake: vyenye chapa ile vilitoka kwa wingi, na hiki kimemenyeka. Alikuwa ameona intaneti chombo cha mamilioni. Bibi hakumngoja amalize kubisha.

"Hakiuzwi. Cha Mjerumani ningeuza. Cha mama siuzi."

Akanifungia bajia kwenye gazeti.

Saa 9 alasiri

Mteja wa Nairobi amepiga. Chombo nilichomtumia kwa basi kimefika vipande vitatu. Nilikifunga kanga mbili na boksi ndani ya boksi, nikaandika KINAVUNJIKA pande zote, wakakilaza chini ya gunia la nazi. Wanasema mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenyewe. Hela yake nimerudisha.

Saa 11 jioni

Kuosha, kazi ninayoipenda kuliko zote. Beseni la plastiki, taulo limetandazwa chini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji. Pete naivua. Kimoja kimoja, kamwe viwili kwa pamoja. Dhahabu hupakwa juu ya mng'aro na kuchomwa kwa moto mdogo, hivyo haijashika kwa nguvu. Mwaka wangu wa kwanza nilisugua chombo cha Nippon kwa unga wa kusugulia masufuria nikaona maji yanageuka ya manjano, nikafurahi kwamba uchafu unatoka.

Saa 3 usiku

Mume wangu kaona kikapu kitupu. Nimempa bajia.

Ninalo daftari ambamo kila ninachokipindua huingia, kiwe changu kisiwe changu. Leo nimeandika: Mwambani. Urefu shibiri moja. Masikio mawili, kipengo mdomoni. Occupied Japan, 1945 hadi 1952. Hakiuzwi. Pale pa mmiliki wa kwanza nilikaa na kalamu kidogo, kisha nikaandika: muuza vitumbua.