Siku Kid A ilipotoka, na mwenye nyumba akaja kudai kodi

Ilikua Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2000, Leicester, Uingereza. Tarehe naikumbuka sio kwamba nina kichwa kizuri sana, ni kwa sababu mzungu mmoja wa Derby niliekua napanga nae aliiandika kwa mak peni kwenye mlango wa friji tangu mwezi wa nane. Siku hiyo Radiohead, bendi ya rock ya Uingereza, walikua wanatoa albamu yao Kid A.

Mimi nimekulia Dar, nyumbani redioni ni Msondo na Sikinde, sasa mimi na rock wapi na wapi. Ila ukikaa nyumba moja na mtu anaepiga OK Computer, albamu yao iliyotangulia, kila asubuhi akinyoa ndevu, utaipenda au utahama, na mimi hela ya kuhama sikua nayo. Ile ilitoka 1997, magitaa ya kukukaba koo, na kuanzia hapo ikawa miaka mitatu watu wanasubiri hawa jamaa wa Oxford watakuja na nini. Wakaja bila singo hata moja, video hakuna, vipande tu vya sekunde chache. Wenye intaneti ya maana walikua wameshaishusha Napster, ule mtandao wa kugawana nyimbo bure, wiki kadhaa kabla, mshkaji wangu huyo wa Derby akakataa kabisa, nikamwambia kwetu hata bi harusi huwa hachunguliwi kabla hajatolewa, akafurahi sana na hiyo.

Basi jioni kaja na CD yake, koti hajavua, tukakaa sebuleni watatu, mimi, yeye na bro mmoja wa Tanga aliekua anabeba maboksi usiku, sahani ya wali mapajani anawahi shifti.

Wimbo wa kwanza kinanda tu na sauti ya Thom Yorke, muimbaji wao, imekatwakatwa. Tukasema sawa, huo utangulizi. Wa pili sauti imepitishwa kwenye mashine mpaka hushiki neno, bro huku anatafuna akauliza, "Huyo mtoto anaumwa nini?" Mshkaji kainuka, katoa CD, kaifuta na shati, karudisha. Vilevile. Wa tatu besi moja inazunguka palepale haichoki halafu matarumbeta yanaingia yote kwa pamoja kila moja na lake, mi nikacheka nikasema hii foleni ya Ubungo, kumbe miaka baadae nakuja kusoma kwamba wapigaji waliambiwa kweli wapige kama foleni ya magari!

Wa nne ndio ulinikamata. Gitaa la kawaida, vayolini nyuma, jamaa anaimba kwamba yeye hapo hayupo. Inasemekana Michael Stipe, muimbaji wa bendi ya R.E.M. ya Marekani, ndie alimfundisha hayo maneno, ajiambie hivyo mambo yakimzidi huko kwenye ziara. Na mimi wiki ile nilikua nimesimama ghalani saa tisa usiku nabandika lebo kwenye maboksi ya biskuti, mtu na karo yake haijalipwa, najiambia yaleyale kwa Kiswahili. Sikumwambia mtu.

Wa tano hauna maneno kabisa. Hapo mshkaji akalipuka. Bendi ina wapiga gitaa watatu, watatu! wameenda wapi? Akawa anatembea sebule nzima, mi namwambia subiri, wa nane ulipoingia na ile midundo ya mashine mguu wangu ukawa unacheza wenyewe, akaniangalia kama nimemuuzia nyumba ya baba yake.

Katikati ya hiyo kelele mlango ukagongwa. Mwenye nyumba. Mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kampala, mmoja wa wale Idi Amin aliowapa siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, Leicester wako wengi sana, na mimi aliniongelesha Kiswahili siku zote, cha dukani, lakini Kiswahili.

"Shikamoo mzee, karibu."

"Marhaba kijana. Kodi yangu iko?"

Kabla sijaanza kujitetea akanyoosha kidole juu. Ulikua umeingia wimbo wa mwisho, wa kumi. "Ngoja. Hii iko harmoniamu." Kweli, ule wimbo unaanza na kinanda cha upepo, kile cha kukanyaga. "Mama yangu napiga hii Kampala, kila jioni." Akasimama palepale mlangoni, kofia mkononi, mpaka ukaisha.

Ukaisha, kimya. Nikaanza, mzee nina nusu tu, nyingine Ijumaa, yeye anakunja uso, na sisi wote hatukujua kwamba CD bado inazunguka, baada ya kama dakika nzima vinubi vikafumuka kutoka kwenye spika, mzee akaruka kofia ikaanguka. Bro wa Tanga alicheka mpaka akapaliwa na wali.

Usiku uleule nikainunua ile CD kwa mshkaji, pauni tano. Siku zilezile Melody Maker, gazeti la muziki la Uingereza, wakaipa nyota moja na nusu kati ya tano, jamaa akatusomea jikoni kwa sauti, ana furaha utadhani kaandika yeye. Haikusaidia kitu, albamu ilishika namba moja Uingereza na Marekani pia, Marekani ilikua mara yao ya kwanza, mwaka uliofuata ikabeba Grammy ya albamu bora ya alternative. Melody Maker lenyewe Desemba hiyohiyo likafungwa. Mshkaji siku hizi ukikutana nae anaapa aliipenda tangu siku ya kwanza, muongo mkubwa.

Mwezi wa kumi na moja mzee akaja tena, hata hajakaa: "Weka ile ya harmoniamu." Nikairusha mpaka wimbo wa kumi, safari hii akaketi, na ile dakika ya kimya akaisubiri huku ananitolea macho, vinubi vilipoingia akatikisa kichwa taratibu. Kodi hakupunguza hata senti.