Wajane wa Kiyunani na Kamati Yetu ya Huduma

Kikao cha kamati ya huduma ya kanisa letu kimekwisha zamani lakini bado kinaendelea kichwani mwangu, kwa hiyo bora niandike.

Ajenda ilikuwa ile familia ya wahamiaji: baba, mama na watoto. Maombi yao ya hifadhi hayajajibiwa, na mpaka yajibiwe baba haruhusiwi kufanya kazi. Nchi nyingi zina sheria ya namna hii. Mtu mzima mwenye mikono na ujuzi anakaa miezi akisubiri barua, huku kodi ya nyumba haisubiri. Hapo ndipo kanisa linapoingia, na hapo ndipo sisi wanakamati tunapoanza kubishana.

Mmoja wa wazee alipendekeza familia isimame mbele Jumapili, ipokee vyakula na kupigwa picha. Hoja yake ni kwamba waumini hutoa zaidi wakiona sura. Ni kweli, hutoa zaidi. Lakini watu hawa wana kesi, wengine wamekimbia watu wanaowatafuta, na sisi tunataka kusambaza sura zao kwenye simu za watu wasiowajua. Mwingine aliuliza kama wanahudhuria ibada. Sikujibu. Mtu anayeimba kwaya ili apate unga hajaokoka, ana njaa tu.

Niliporudi nyumbani nilifungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Kwenye mada hii wahubiri hukimbilia Mathayo 25, penye maneno "nilikuwa mgeni, mkanikaribisha", nami naipenda, ila Matendo 6 inatuhusu zaidi sisi wenye daftari la mgao. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa, na tayari kulikuwa na manung'uniko. Waumini Wayahudi waliozungumza Kiyunani, yaani Kigiriki, wengi wao wakiwa na asili ya ugenini, walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Huenda hakuna aliyekusudia kuwabagua. Wagawaji waliwajua wajane wa kwao, wakaongea nao kwa lugha yao, na wale wengine wakapitwa.

Mitume hawakuwaambia wavumilie wala washukuru walichopewa. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu 7, na ukisoma majina yao utaona yote ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao, ambaye alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Kwa kadiri ninavyoielewa habari hii, waliolalamika ndio waliokabidhiwa meza, yaani kazi ya kugawa. Kwenye kamati yetu hakuna mhamiaji hata mmoja. Tunajadili shida zao kama madaktari wanaomzungumzia mgonjwa aliye chumba cha pili.

Sisemi makanisa hayafanyi kitu. Uholanzi, kanisa la Bethel mjini The Hague liliipokea familia ya Kiarmenia iliyokuwa inakabiliwa na kurudishwa kwao baada ya kuishi nchini humo karibu miaka 9. Sheria ya huko hairuhusu polisi kuingia kanisani ibada ikiendelea. Basi ibada ikaanza Oktoba 2018 na haikukatika, usiku na mchana, siku 96, mamia ya wachungaji wakipokezana, mpaka mwishoni mwa Januari 2019 serikali ilipokubali kesi za watoto kama wale zitazamwe upya. Italia nako, tangu 2016, jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio pamoja na makanisa ya Kiprotestanti wamekuwa wakiwaleta wakimbizi wa Syria kutoka Lebanon kwa ndege na viza za kibinadamu, badala ya kuwaacha wajitose baharini. Gharama ya makazi na masomo ya lugha haitoki serikalini, wanaibeba wenyewe.

Kinachonivutia katika hadithi ya Bethel ni zamu zaidi kuliko ushujaa. Lazima mtu alikaa na orodha akipanga nani atasoma zaburi saa 9 usiku. Familia za wahamiaji zinahitaji watu wa orodha: wa kusoma barua ya uhamiaji kabla muda wa kukata rufaa haujapita, wa kukaa na mtoto mchanga mama akiwa kwa wakili, wa kwenda hospitali kutafsiri. Hilo la mwisho linaniuma hasa. Pasipo mkalimani, mtoto ndiye anayemtafsiria mama yake kwa daktari, na kuna mambo ya mwili wa mama ambayo mtoto hapaswi kuyabeba mdomoni.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyolelewa. Hawa wanalitaka jembe hata leo, sheria ndiyo imelizuia. Lakini hakuna sheria niijuayo inayomzuia mama yule kuketi kwenye kamati yetu na kutuambia mgao wetu unapotea wapi.

Nitalipeleka pendekezo hilo kikao kijacho, na si awe mwalikwa wa kutoa ushuhuda, bali mjumbe mwenye kura, pamoja na ruhusa ya kuona hesabu za mfuko. Najua mwenyekiti atauliza kama lugha anaiweza. Nitamjibu kwamba mkalimani atalipwa kutoka fungu letu la chai.